Mkanda wa Shingoni

Melis hakumwita Turdakun kwa simu. Alimtumia gari, na ndani ya gari vijana wawili wasiosalimia mtu, na Turdakun akajua palepale kwamba hakuitwa kunywa chai. Alivaa koti, akamwambia mkewe anarudi sasa hivi, akaingia kiti cha nyuma kama alivyozoea kuingia magari ya polisi, kichwa kwanza, mikono mbele.

Walimpeleka kwenye nyumba ya chai iliyo nyuma ya soko la makontena. Melis alikuwa amekaa peke yake mbele ya sahani ya nyama ya kondoo, anakwangua mfupa taratibu kwa kisu kidogo. Ni mzee wa miaka sitini na tano, mnene, mpole wa sauti, mtu ambaye zulia la msikiti wa mtaa limetoka mfukoni mwake na kila kontena la soko lile linamtolea chake kila mwezi. Wezi wote wa upande ule wa jiji la Bishkek humwita Kaka Melis. Polisi nao humwita vivyo hivyo, na Turdakun alikwisha kuacha kushangaa.

"Kaa, mdogo wangu. Kula."

"Nimekula nyumbani, kaka."

"Kula tena. Huko unakokwenda hawapiki hivi."

Turdakun alikaa. Alikuwa na miaka hamsini na minane, na ishirini na miwili kati ya hiyo aliiacha jela. Alianzia mifukoni mwa watu akiwa kijana, akapanda cheo hadi kufungua makasha ya chuma ya maduka makubwa bila kuacha mkwaruzo, na katika maisha yake yote ya wizi hakuwahi kumzaba mtu kofi. Aliringia jambo hilo kama wengine wanavyoringia shahada zao. Alikuwa mwizi, ndiyo, wala hakuwahi kujiita jina lingine. Lakini damu ya mtu haikuwa mikononi mwake.

"Umesikia ya jana sokoni," Melis alisema.

Nani hakusikia? Sabyr, kijana msukuma mkokoteni, alikuwa anapita kwenye uchochoro uliojaa watu akiwa na marobota ya nguo, na ukingo wa mkokoteni wake ukakwangua mlango wa gari jeupe la Eldiyar, mtoto wa Melis. Eldiyar alishuka, akamtukania mama, akamzaba makofi mbele ya wasukuma mikokoteni wenzake. Sabyr aliinama kuokota marobota yaliyoanguka, na alipokuwa ameinama hivyo Eldiyar akaingia garini akalirudisha nyuma juu yake. Kisha akasogea mbele kidogo, akarudi tena. Watu zaidi ya hamsini walisimama pale wakaona, na polisi walipofika, wote hamsini walikuwa wameshughulika kupanga bidhaa.

"Kijana wangu ana hasira," Melis alisema. "Alikua bila mama, unajua mwenyewe. Sasa nataka hii kesi uibebe wewe."

Turdakun alifikiri amesikia vibaya, kisha akaona uso wa Melis, akajua masikio yake ni mazima.

"Kaka, mimi sijui kuendesha gari."

"Utafundishwa."

"Na sheria yetu je? Wewe ndiye uliyenifundisha, tukiwa seli moja. Mwizi hamwagi damu ya mnyonge. Akiimwaga, anaijibia mwenyewe."

"Sheria ni ya watu wazima. Huyu ni mtoto."

"Mtoto wa miaka thelathini na mmoja?"

Melis aliweka kisu chini. Hakupandisha sauti, hajawahi kuipandisha. Alimkumbusha Turdakun ule mwaka alipokuwa anatema damu gerezani, dawa za kifua zikaingia kwa mkono wa nani. Alimkumbusha nyumba anayokaa, vyumba vitatu na ua wake, jina lililo kwenye hati ni la nani. Alimkumbusha binti yake Aichurok, aliyebakiza mwaka mmoja amalize uuguzi. Kisha akajimiminia chai nusu kikombe.

"Na mkeo anauza sambusa zake kwenye uchochoro uleule," alisema. "Tanuri lake liko karibu kabisa. Nimeambiwa jana alikuwapo. Shemeji yangu huyo, macho yake bado mazima?"

Hapo Turdakun alinyosha mkono, akachukua kipande cha nyama, akala. Hakikuwa na ladha yoyote mdomoni. Melis alitikisa kichwa kwa kuridhika na kuanza kumweleza mambo yatakavyokwenda, kama mwenye duka anavyomweleza mteja. Mkuu wa kituo cha polisi ameshakubali. Miaka mitano, atakaa mitatu. Keshokutwa wanazika, na Melis atapeleka farasi wa kuchinja msibani. Turdakun atakwenda na mkanda shingoni, apige goti mbele ya wakubwa wa marehemu, aseme nimekosa. Wakipokea kamba ya farasi, mambo yamekwisha kidesturi, na hakimu naye hatakuwa na neno.

*

Sonunbu alikuwa anakata vitunguu vya sambusa za kesho. Ni mwanamke mfupi, mwenye mikono iliyounguaungua hadi viwikoni kwa kubandika sambusa kwenye kuta za ndani za tanuri, na ulimi usiokwisha makali. Alimsikiliza mumewe mpaka mwisho bila kuinua kichwa.

"Kwa hiyo umekubali," alisema.

"Ningefanyaje?"

"Ungesema hapana. Neno fupi tu, Baba Aichurok. Hata mtoto wa mwaka mmoja analijua."

"Wanajua ulikuwapo. Wanajua uliona."

Kisu kilisimama. Sonunbu alikaa kwenye kigoda, akajifuta mikono kwa aproni, akaendelea kuifuta hata ilipokuwa mikavu.

"Nilikuwa natoa sambusa," alisema. "Alinunua mbili, kama kila siku. Moja alikula palepale, moja akaifunga kwenye karatasi, ya mama yake. Bado niliona mafuta kwenye ile karatasi mfukoni mwake alipokuwa chini. Alinitazama, unasikia? Ile mara ya kwanza gari lilipompita hakufa. Alinitazama mimi, na mimi nimesimama na koleo mkononi. Yule mwingine akatoa kichwa dirishani akachungulia, akaona bado anatikisika, ndipo akarudi."

"Nyamaza sasa."

"Polisi wakaniuliza. Nikasema nilikuwa nimeinamia tanuri. Ndivyo nilivyosema. Nimeinamia tanuri." Alicheka kicheko kikavu. "Tumekutana, wewe na mimi. Mmoja hakuona, mwingine anaendesha."

"Nafanya hivi kwa ajili yako."

"Kwa ajili yangu! Miaka ishirini na miwili hukufanya kitu kwa ajili yangu, leo ndiyo umekumbuka. Nimekuletea vifurushi magereza manne. Kila nikibeba mfuko, majirani wananiuliza unakwenda wapi mama Aichurok, na mimi nasema nakwenda Naryn kumwona shangazi mgonjwa. Shangazi gani huyo, haponi wala hafi? Watoto wa mtaa wananiuliza shangazi hajambo, na mama zao wanageuka pembeni kucheka. Nikavumilia. Unajua kwa nini nilivumilia? Kwa sababu nilijiambia, mume wangu ni mwizi, lakini si muuaji. Hicho ndicho kitu pekee ulichowahi kuniletea nyumbani ambacho hakikuwa cha kuiba."

Turdakun alikohoa. Kikohozi chake kilimchukua muda, na Sonunbu alingoja kiishe, kisha akaenda kumletea maji ya moto bila kuombwa. Akamwekea mbele yake, akarudi kwenye vitunguu.

"Nitakwenda msibani na mimi," alisema.

"Usiende."

"Sabyr alikuwa mteja wangu. Wewe nenda kwa mlango wako, mimi nitakwenda kwa wangu."

*

Kituoni kila kitu kilikuwa kimeandikwa kabla hajafika. Mpelelezi, kijana mwenye kucha safi, alimsomea maelezo yake mwenyewe kwa haraka kama anayesoma bei za vitunguu, na Turdakun akatia sahihi. Kisha mpelelezi akakumbuka kwamba sheria inataka mshtakiwa aonyeshe mbele ya kamera jinsi alivyotenda kosa, palepale alipolitenda.

"Unajua kuliwasha?" aliuliza.

"Gari? Sijui."

"Jifunze basi. Siku baada ya mazishi tunapiga picha."

Gari jeupe lilipaswa kuwa kizuizini, kielelezo cha mauaji. Lilikuwa limeoshwa likang'aa, na Eldiyar alilitoa uani mwa kituo kwa mkono mmoja, mwingine umeshika simu, askari wa getini akimpigia saluti. Alimpeleka Turdakun kwenye uwanja wa kiwanda cha matofali kilichokufa siku nyingi. Alikuwa kijana mwenye shingo nene, pete ya dhahabu yenye jiwe jeusi, na mfuko wa mbegu za alizeti alizokuwa anatafuna na kutema maganda kupitia dirishani.

"Huo ni mguu wa breki, babu. Wa breki. Ule mwingine."

Turdakun alikanyaga. Gari likaruka kama limeumwa na nyuki, kisha likasimama, na paji la uso lake likagonga usukani. Wanawake wawili waliokuwa wanachunga mbuzi karibu na ukuta waliangua kicheko. Mikono yake, iliyokuwa ikisikia meno ya kufuli ndani ya chuma cha unene wa kiganja, haikusikia kitu chochote kwenye usukani ule. Ilitoka jasho tu.

"Rudi nyuma. Vuta hicho. Tazama kwenye kioo." Eldiyar alitema ganda. "Babu, umeshika usukani kama umeshika matiti ya ng'ombe. Nani ataamini hapa?"

Turdakun alirudi nyuma akaligonga rundo la matofali mabovu. Eldiyar alimpiga kofi la kisogo, si kwa nguvu, kama mtu anavyompiga punda aliyesimama njiani. Jela, mtu angemgusa Turdakun kisogo, hata mkuu wa seli, angejuta. Turdakun aliendelea kutazama mbele.

"Polepole, mpumbavu wewe. Wametoka kuondoa ule mkwaruzo jana, rangi yenyewe imetoka Dubai." Eldiyar alishuka, akazunguka nyuma ya gari, akapitisha kidole taratibu kwenye bampa, uso umemkunjika kwa uchungu wa kweli. Alipoona hakuna alama alirudi kukaa. "Yule mwenzako alipiga kelele kidogo kuliko injini unavyoiliza wewe," alisema, akacheka, akachagua mbegu nyingine.

Turdakun alitazama kile kidole chenye pete. Katika miaka ishirini na miwili ya jela aliwahi kulala karibu na watu waliochinja watu, na wengi wao walikuwa wanaamka wakilia. Huyu alikuwa analilia bampa.

*

Nyumba ya mama yake Sabyr, jina lake Uulkan, iko pembeni kabisa mwa mji, kwenye mtaa ambao nusu ya kuta ni za udongo mbichi na umeme huja ukipenda. Hema la msiba, la sufu nyeupe ya kondoo, lilikuwa limesimamishwa katikati ya njia kwa sababu kiwanjani hapakutosha. Ndani yake marehemu alilala nyuma ya pazia siku ya tatu, na wanawake wamekaa migongo kwa mlango, nyuso kwa ukuta wa hema, wakimwimbia mbolezi kwa zamu. Nje, pande mbili za mlango, walisimama wanaume wa ukoo wakiwa wameinamia fimbo, kila mmoja amefunga mkanda wake juu ya koti, kiunoni.

Kwetu mfiwa hufunga mkanda kiunoni. Aliyekosa huuvika shingoni, kama kamba ya mnyama, ili aliyekosewa amvute atakako. Na mwanamume anayekuja kwenye msiba wa ndugu haji kimya: huanza kulia kwa sauti angali mbali, akiita ini langu, ini langu, kwa kuwa ndugu kwetu ni ini la mtu. Muuaji ndiye anayekuja amefunga mdomo.

Turdakun alikuja amefunga mdomo. Melis mwenyewe ndiye aliyemvika mkanda, akauvuta kidogo ukakaza kooni, akampiga begani kama baba anayempeleka mwana shuleni siku ya kwanza. Farasi alikuwa mwekundu, mnene, anang'aa kuliko kitu chochote kwenye mtaa ule. Eldiyar alifuata nyuma, miwani nyeusi, mikono kifuani. Mpelelezi mwenye kucha safi aliegemea gari lake mbali kidogo, anangoja.

Wasukuma mikokoteni walikuwa wamejazana kando ya njia, wamevaa makoti yao ya kazini kwa kuwa hawana mengine. Kila mmoja alijua. Turdakun alipita katikati yao na hakuna aliyemtemea mate. Wangemtemea mate angepata nafuu. Walitazama chini, kwa aibu, kana kwamba wao ndio waliovikwa mkanda. Mama mmoja mwenye birika alinong'ona, akafikiri hasikiki: "Huyu? Huyu hata baiskeli hajapanda."

Mjomba wa marehemu, fundi matofali aliyekonda, alijitenga na mstari akaja mbele. Melis alimwambia maneno yote yanayosemwa. Bahati mbaya. Mungu ndiye aliyepanga. Mtu wangu amekosa, yuko hapa, shingo yake hiyo. Na farasi huyu ni wa kuwalisha wageni wenu. Mjomba alimtazama farasi. Walikuwa hawana kitu cha kuchinja, watu mia tatu wamekuja na sufuria zilikuwa zinachemka maji matupu, na fedheha ya kuzika kijana bila nyama itakaa juu ya ukoo miaka yote. Alimtazama Turdakun, kisha Eldiyar, akageuza uso pembeni, na huku ameugeuza akaanza kunyosha mkono kwenye kamba.

"Piga goti," Melis alimnong'oneza Turdakun.

Turdakun alikuwa ameshakunja goti moja aliposikia sauti mpya ikipokea zamu ndani ya hema. Angeijua sauti ile hata kupitia ukuta wa gereza. Alibaki hivyo, goti moja hewani.

*Asubuhi ulikuja, Sabyr, ukanunua mbili,*
*moja ukaila, moja ukamfungia mama.*
*Mafuta yake yalikuwa mfukoni mwako bado moto,*
*na wewe chini, unanitazama.*

*Alikupita mara ya kwanza, ningesema ni ajali.*
*Akatoa kichwa dirishani, akakuona unatikisika.*
*Akarudi mara ya pili, mkono wenye pete nyeusi,*
*akarudi, mwanangu, akijua anarudi.*

Nje, mkono wa mjomba ulikuwa umesimama nusu ya njia.

"Mnyamazisheni huyo mwanamke," Melis alisema, na kwa mara ya kwanza watu walisikia sauti yake ikikwaruza.

"Anaomboleza," mjomba alisema, bila kumtazama.

"Anasema uongo."

"Anamwambia marehemu, hakuambii wewe. Mbolezi haikatizwi."

*Waliniuliza, nikasema nimeinamia tanuri.*
*Moto wa tanuri lile na unile mimi.*
*Mume wangu anajua kufuli, hajui gari,*
*wamemvika kamba kama ng'ombe wa mnadani.*

*Aliyekuua hajavikwa kitu, Sabyr.*
*Yuko mlangoni pako, amevaa miwani.*
*Amka umtazame, wewe huogopi tena.*
*Sisi ndio tunaoogopa, sisi wazima.*

Kisha sauti nyingine iliingia chini ya ile, sauti ya mama mzee iliyokauka kwa siku tatu za kulia, ikirudia mstari mmoja tu: yuko mlangoni pako, yuko mlangoni pako. Wanawake wote wakaupokea. Hema likawa linavuma.

Turdakun alisimama wima. Aliihofia nyumba, akamhofia Aichurok, na yule mwanamke mfupi mle ndani aliyetoka kujiua kwa mdomo wake mwenyewe. Yeye alikuwa amekubali kwenda jela ili mkewe asife, na mkewe akaamua hataki kuishi kwa bei hiyo. Hasira ilimpanda pole pole, ya Melis, ya mpelelezi, ya rangi ya Dubai, na zaidi ya yote hasira ya shingo yake mwenyewe iliyoinama haraka hivyo. Alifungua mkanda.

"Turdakun," Melis alisema. "Fikiri."

Turdakun aligeuka, akarudi alikotoka, akipita katikati ya wasukuma mikokoteni mpaka mwisho wa njia, na watu wakadhani anakimbia. Pale mwisho alisimama, akaufunga mkanda kiunoni juu ya koti, akaukaza. Kisha akaanza kuja upya, kama inavyotakiwa, kichwa kimetupwa nyuma, analia kwa sauti yote aliyobakiwa nayo kifuani:

"Ini langu! Sabyr, ini langu we! Ini langu!"

Kikohozi kilimkata njiani mara mbili. Alisimama, akatema, akaendelea. Alipofika mlangoni mjomba alikuwa ameshatupa fimbo yake, amefungua mikono, na wakakumbatiana wakilia bega kwa bega kama wana wa baba mmoja, ingawa hawakuwa wamewahi kuonana. Mtu fulani akampa Turdakun fimbo. Mtu mwingine akasogea kumpisha, na yeye akasimama kwenye mstari wa wafiwa, akainama.

Eldiyar alianza kucheka. Kicheko kilimwishia haraka, kwa kuwa mia tatu wote walikuwa wanamtazama yeye, na safari hii hakuna aliyekuwa na bidhaa za kupanga. Alivua miwani, akaivaa tena. Melis alimshika mkono akamvuta kuelekea garini.

Mjomba alimvua farasi kamba, akampiga kofi la tako. Farasi alikwenda kula majani ya mtaroni, akashinda pale mchana kutwa, na hakuna aliyemgusa. Wageni walikula kondoo watatu walioletwa na majirani, mkate, na mchuzi mwingi wenye nyama kidogo.

*

Polisi walimngoja azike kwanza. Mpelelezi alikuwa na adabu kiasi hicho. Turdakun alibeba jeneza kwa zamu yake, akatupa udongo mara tatu, na alipotoka getini mwa makaburi akanyosha mikono mwenyewe afungwe pingu.

Jioni ileile vyombo vya Sonunbu vilikuwa barabarani, sufuria juu ya magodoro, na vitabu vya uuguzi vya Aichurok vimeloweshwa kwa makusudi. Tanuri lake sokoni lilivunjwa kwa nyundo. Uulkan alikuja na mkokoteni wa mwanawe, akapakia, hakusema mengi. Nyumba ya Melis ilikuwa na vyumba vitatu. Ya Uulkan ina kimoja na nusu, na ile nusu ilikuwa imebaki wazi.

Baadaye wasukuma mikokoteni wawili walikwenda mahakamani kusema walichoona. Hakimu aliwauliza waliona vipi wakati wao kazi yao ni kutazama mbele wanakosukuma. Sonunbu alisema pia, mara hii bila wimbo, na wakili akamkumbusha kwamba aliwaambia polisi alikuwa ameinamia tanuri. Kwa hiyo, mama, ulidanganya siku ile au unadanganya leo? Eldiyar alikuwa ameshasafiri nje ya nchi kutibiwa hasira. Kesi ya kifo cha Sabyr ilifungwa kwa kukosa mtu.

Turdakun hakukosekana. Alihukumiwa miaka miwili na nusu kwa kuwadanganya polisi kwamba ameua mtu, na kuwapotezea muda. Mpelelezi yuleyule alikuja kutoa ushahidi, akasema kwa uso mkavu kwamba mshtakiwa aliwahadaa, na kumbe hata kuwasha gari hajui. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kijana alipondwa mchana kweupe mbele ya soko zima, na mtu pekee aliyefungwa kwa kifo chake ni yule aliyesimama akamlilia.

Sonunbu alijenga tanuri lingine, dogo, kwenye uchochoro uleule. Wasukuma mikokoteni walimletea matofali, na hakuna aliyejitokeza na nyundo. Melis alikwisha kuona kwamba kila akimgusa yule mwanamke, watu wanaimba. Siku ya kupeleka kifurushi ilipofika, Sonunbu alifunga duka mapema, akajaza mfuko sambusa, soksi nzito na dawa ya kifua, akajitwika begani.

Mama mmoja muuza chai alimwona anapita, akawakonyeza wenzake kwa mazoea ya zamani.

"Na mfuko huo, mama Aichurok? Shangazi wa Naryn hajambo?"

Sonunbu alisimama katikati ya uchochoro, pale palipokuwa na doa ambalo hakuna aliyekubali kulikanyaga.

"Shangazi alishakufa," alisema, kwa sauti ya kusikika mpaka makontena ya mwisho. "Nakwenda gerezani kumwona mume wangu."